Waliochunga Kizingiti

Kinyozi alikuwa na imani kubwa na kibanda kidogo. Humo ndani palitosha kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa, benchi la wanaosubiri zamu, na mahubiri. Mahubiri ndiyo yaliyokula nafasi. Mtu ameshafungwa shuka shingoni, povu limempanda hadi puani, wembe uko chini ya kidevu. Atabishana na nani? Ndiyo maana Kinyozi alijihesabu kuwa mtu ambaye katika mambo ya dini hajawahi kushindwa hoja.

Aliyemkera alikuwa mmoja tu, Fundi Viatu wa kibanda cha pili, mtu wa imani nyingine, mwenye upara unaong'aa kama sufuria mpya.

"Mungu alikunyima nywele makusudi," Kinyozi alizoea kumwambia, "usije ukakaa kwenye kiti changu ukaokoka."

"Alininyima nywele akanipa masikio," Fundi Viatu hujibu, misumari midogo ikiwa imebanwa midomoni. "Na nayasikia unayowaambia hao maskini. Nusu yake unaitunga."

Ubishi wao usiokwisha ulihusu kizingiti. Waumini wenzake Kinyozi walikuwa na sheria moja ambayo watu wengine hawakuwa nayo. Mgonjwa akizidiwa, hasa yule ambaye hospitali imeshamrudisha nyumbani akapumzike, haingii mtu chumbani mwake ila yule mmoja anayemuuguza. Wengine wote, awe mume, awe mtoto, awe rafiki wa kufa na kuzikana, husimama mlangoni, vidole vya miguu nyuma ya kizingiti. Hapo wanasoma sala, wanatoa pole, wanakwenda zao. Desturi hiyo waliiita kuchunga kizingiti. Na sababu kila mtu aliijua: ubavuni mwa mgonjwa wa namna hiyo anakaa malaika, na pumzi za watu wengi humfukuza. Malaika akiondoka, mgonjwa anasafiri peke yake gizani. Watoto wao walilijua jambo hilo kabla hawajajua kufunga vifungo vya mashati.

"Limeandikwa wapi?" Fundi Viatu huuliza.

"Kwenye Kitabu."

"Ukurasa gani?"

"Maneno ya Mungu unayaulizia ukurasa, kama gazeti la mpira?"

"Wewe umekisoma hicho Kitabu?"

"Mpaka jalada limebanduka!"

Na hakudanganya, jalada lilikuwa limebanduka kweli. Ila Kinyozi alikisoma Kitabu kama watu wengi wanavyokisoma. Pale alipopajua alisimama, akafurahi, akarudia kwa sauti. Pale asipopajua alipita kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mkwe, mbiombio na macho chini.

Kisha Dada akarudishwa kutoka hospitali.

Dada alikuwa dada yake mkubwa, ndugu pekee aliyebaki naye. Mama yao alifariki Kinyozi akiwa bado anatambaa, na Dada, msichana ambaye mwenyewe alikuwa bado anahitaji wa kumlea, akambeba mgongoni akaanza kufulia watu nguo. Hata ukinyozi ulitoka kwake. Kichwa cha kwanza alichonyoa Dada ni cha mdogo wake, tena kwa mkasi wa kukatia kitambaa, na mtoto akatoka hapo kama shamba lililoingiliwa na mbuzi. "Nilijifunza kazi hii kwa kujionea huruma," Kinyozi alipenda kuwaambia wateja, na Dada akilisikia hilo hucheka mpaka anashika ukuta.

Sasa alikuwa amelala kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yake, kitanda kikiwa kimesukumwa ukutani, dirisha limefunguliwa nusu. Aliyemuuguza ni binti yake. Kinyozi alifika kesho yake mchana, akavua viatu, akapanga vidole vyake nyuma ya kizingiti, akasoma sala kwa sauti yake nzuri. Alipomaliza, Dada alifungua macho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, dada yangu. Pole sana."

"Ahsante. Sasa ingia."

Kinyozi akacheka kidogo, kama mtu aliyetaniwa.

"Sikutanii. Ingia. Kichwa kinaniwasha, nywele zimeshikana kwa jasho, nimekuwa kama fagio la chooni. Nina kaka kinyozi, nife na kichwa hiki? Njoo uninyoe. Ukimaliza ukae hapa." Akapiga godoro kwa kiganja, polepole.

"Mjomba, tangu jana anasema hivyo," binti alinong'ona kutoka kwenye kigoda.

Kinyozi alishika mwimo wa mlango. Mikono yake ilishika vichwa vya watu tangu asubuhi hadi jioni, vya wanaomlipa na vya wanaomkimbia, na kichwa kimoja hiki kilikuwa hatua chache tu mbele yake.

"Dada, wewe unajua siwezi."

"Najua nini? Kule wodini nilishikwa na kila mtu. Mfagiaji alinishika mkono. Wewe damu yangu unanisalimia kwa mbali kama askari wa getini."

Hapo Kinyozi alifanya alichokuwa akikiweza kuliko vitu vyote duniani. Alieleza. Alimweleza Dada habari za malaika, na alieleza vizuri, maana huruma ilimpa maneno. Akasema malaika hakai kichwani wala miguuni, anakaa ubavuni, upande wa nje wa kitanda, ili mgonjwa asianguke. Akasema hali chakula, halali usingizi, hata kupepesa macho hapepesi. Akasema ni mwoga kama ndege wa porini, akihisi pumzi ngeni anaruka. Mengine alikuwa ameyasikia tangu utotoni, mengine yalimjia palepale ulimini, na mwenyewe asingeweza kukuambia mpaka uko wapi.

Alipomaliza, Dada aligeuza uso akatazama upande wa nje wa kitanda, pale alipokuwa amepiga kwa kiganja.

"Yuko hapa? Sasa hivi?"

"Yuko."

"Habari zake nazijua, ila mimi nilidhani niko peke yangu," Dada alisema. "Usiku nilikuwa naogopa sana." Akajivuta, kwa shida, akasogea upande wa ukutani kumpisha mgeni wake nafasi. "Basi. Usiingie, kaka. Ahsante kwa kuniambia."

Kinyozi aliondoka akiwa ameshinda hoja. Ulikuwa ushindi wa ajabu, maana ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kwa siku kadhaa zilizofuata hakuhubiri. Wateja walikaa, wakafungwa shuka, wakasubiri mahubiri kama mtu anayesubiri chafya, wasiyapate. Mwishowe akamkata mzee mmoja sikioni, na mzee yule akatoka akiapa kwamba afadhali ndevu zifike kitovuni.

Fundi Viatu alikuja akasimama mlangoni pa kibanda, aproni kiunoni.

"Leo unachinja?"

"Niache."

"Nikuache? Mtu akikaa kwenye kiti chako bila wewe kumtisha na moto, hata mimi naogopa. Hali ya dada yako vipi?"

Kinyozi akamweleza yote, mpaka ile nafasi aliyopishwa malaika. Alitegemea dhihaka. Fundi Viatu alitema misumari kiganjani, akaitazama.

"Mimi dini yenu siijui," akasema. "Lakini hata serikali ukitaka kuvunja sheria yake kwa shida kubwa, kuna mtu unamwendea ukamwomba ruhusa. Nyie hamna?"

Alikuwa naye. Alikuwa na Mwalimu, kiongozi wa waumini wao, kijana aliyehamishiwa pale miaka michache nyuma, mpole, msomi, anayeaibika upesi. Kinyozi alifunga kibanda mchana kweupe, akamkuta ofisini nyuma ya nyumba ya ibada, akikaza skrubu za kipaza sauti.

"Mwalimu, nimekuja kuomba ruhusa. Dada yangu anakwisha. Nataka kuvuka kizingiti. Kama kuna kufunga, nitafunga. Kama kuna adhabu, niandikie yote."

Mwalimu aliweka bisibisi mezani. Alinyanyuka akafunga mlango, akarudi akakaa.

"Kinyozi, nikwambie jambo, lakini usipige kelele. Mimi nilipofika hapa niliwakuta mmesimama milangoni. Nikajiambia, watu wazima hawa, wana jambo wanalolijua ambalo chuoni hatukufundishwa. Nikasimama na mimi."

"Unasemaje?"

"Nasema sijui ilikotoka. Nimetafuta. Haimo."

"Kwenye Kitabu haimo?"

"Kitabu kinasema mwendeeni mgonjwa, mkae naye, mmshike mkono."

"Mmshike mkono? Wapi panaposema hivyo?"

Mwalimu alimtazama kwa huzuni, kama mtu anayelazimika kumwambia mwenzake kwamba shati lake limechanika mgongoni. "Ulipasoma wewe mwenyewe, mbele ya watu wote, mwanzoni mwa mwaka huu. Ulisoma vizuri sana. Akina mama walilia."

Kinyozi alikumbuka kilio. Alikumbuka sauti yake ilivyopanda na kushuka. Maneno yenyewe hakuyakumbuka hata moja.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe?" Mwalimu alisema, na hapakuwa na kejeli ndani yake. "Wewe ndiye uliyenieleza habari za malaika, siku ya kwanza nilipokuja kunyolewa. Nilikuwa na povu mdomoni." Akainamisha kichwa. "Nenda kwa Bibi wa Safu ya Kwanza. Kama kuna anayejua, ni yeye."

Bibi wa Safu ya Kwanza aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliye hai aliyewahi kumwona amekaa safu nyingine. Alisikia alichotaka, na kingine chote alisingizia masikio. Kinyozi alimkuta barazani akikunja nguo zilizoanuliwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sinyolewi leo."

"Sikuja kukunyoa, bibi. Nimekuja kuuliza, kuchunga kizingiti kulianza lini?"

"Aa." Bibi alikunja shuka, akalipigapiga. "Mwaka wa kikohozi. Wewe hujazaliwa. Kilikuwa kikohozi kibaya: leo unakwenda kumpa mtu pole, kesho unalala wewe, keshokutwa wanakufukia. Kiongozi wetu wa wakati ule, bwana mmoja mrefu, sauti kama ngoma, akasimama akasema kwa mgonjwa aingie mmoja tu, wengine tusimame mlangoni mpaka ugonjwa upite."

"Mpaka ugonjwa upite?"

"Ndivyo alivyosema. Mimi nilikuwa mbele pale, nilimwona mpaka meno."

"Na ukapita?"

"Si ulipita! Ila ulimchukua na yeye. Sasa nani atuambie tuingie? Tukabaki tumesimama."

Kinyozi alisogea karibu na sikio lake. "Na malaika, bibi?"

Bibi alifikiri, soksi moja mkononi ikitafuta mwenzake. "Malaika alikuja baadaye. Watoto walikuwa wanalia, wanataka kuingia kwa mama zao. Mtoto hawezi kusimama mlangoni bure, lazima umwambie kitu. Labda nilianza mimi. Labda jirani yangu, Mungu amrehemu. Neno zuri halina mwenyewe."

"Na miaka yote hii hukusema!"

"Nani aliniuliza?" alisema Bibi, na soksi akaipata.

Kinyozi alikimbia. Mtu mzima, tumbo limetangulia, akipita barabarani na watu wakimpisha wakidhani ameibiwa. Alipitia kibandani akachukua mkasi, wembe, kitambaa safi na beseni. Fundi Viatu aliuliza kitu, hakujibiwa. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na kwa mara ya kwanza yalikuwa machache: Dada, hakuna kitu. Tulisahau tu kuingia.

Hakuvua viatu. Alivuka kizingiti kama mtu anayevuka mtaro, akafika kitandani, akakaa.

Dada akapiga ukelele.

Haukuwa na nguvu, hakuwa na nguvu za kupiga ukelele, lakini macho yalimtoka na mkono ukanyanyuka, ukimsukuma mbavuni. "Umemkalia! Kaka, umemkalia!"

"Dada, nisikilize..."

"Toka! Ataondoka! Jamani, mwanangu, mtoe, ataniacha!"

Binti alikwishasimama, mikono kichwani. Kinyozi alitazama alipokaa. Nusu nzima ya kitanda ilikuwa tupu, shuka limenyooshwa bila kunyanzi. Dada alikuwa amejibana ukutani kama mtu aliyepakiwa kwenye basi, bega lake la upande ule limechubuka kwa kusugua chokaa. Mto ulikuwa mmoja, na hata huo alikuwa ameugawa. Tangu siku ile alilala hivyo, akimpisha mgeni.

Ukweli wote Kinyozi alikuwa nao mdomoni. Aliutazama uso wa dada yake, akaona kwamba angeweza kumpa ukweli, au kumwachia mwenziwe, lakini vyote viwili havikutosha kwenye kitanda kile. Yule aliyembeba mgongoni angesafiri leo au kesho, na akiambiwa sasa, angesafiri akijua kuwa zile siku zote za kujibana alikuwa anaipisha hewa. Akanyanyuka taratibu. Akarudi kinyumenyume mpaka visigino vikavuka kizingiti, akavua viatu, akapanga vidole.

"Nisamehe, dada. Haraka ilinipoteza akili."

Dada alikuwa anahema. Mkono wake ulipapasa shuka tupu. "Ameondoka?"

Watu humwita mwongo anayesema asichokiamini. Kinyozi alikuwa amesema uongo huu maisha yake yote akiuamini, na haukuwahi kumgharimu kitu. Safari hii aliutoa kama mtu anayejing'oa jino.

"Hajaondoka. Alisogea kunipisha tu. Amerudi."

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Yukoje?"

"Mkubwa," alisema Kinyozi. "Lakini amekaa kwa adabu. Ana nywele nyingi, zinahitaji kupunguzwa."

Dada alitabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu arudishwe, alitabasamu. "Hata huyo unamwinda umnyoe."

Kinyozi alipiga magoti mlangoni, akasukuma beseni ndani kwa ncha za vidole, akamsukumia mpwa wake mkasi na wembe vikiwa vimefungwa kitambaani.

"Mimi? Mjomba, mimi sijawahi!"

"Mikono ni yako, mdomo ni wangu. Maji yawe vuguvugu. Loanisha kwanza, usiwe na haraka, mkamulie kitambaa juu ya utosi. Ndiyo. Sasa kata zilizoshikana, shika kwa chini usije ukamvuta. Hivyo. Wembe ulaze, ulaze zaidi, kama unapaka siagi. Anza kwenye paji, rudi nyuma. Ngozi ivute kwa dole gumba. Si hapo, mama, hapo pana kovu, alianguka akiwa na mimi mgongoni, zunguka. Vizuri. Sasa pangusa."

Alielekeza hivyo muda mrefu, akiwa amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, mikono yake mwenyewe ikichezacheza hewani, ikinyoa kichwa kisichokuwepo. Dada alikuwa amefumba macho.

"Ana mkono mwepesi," alisema. "Kaka angenikata sikio."

"Nimekusikia," Kinyozi akasema.

"Ndiyo, usikie."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka. Alilala na kichwa safi, na kesho yake, kabla jua halijawa kali, pumzi ikapungua, ikachelewa, isirudi. Binti ndiye aliyekuwa kwenye kigoda. Kinyozi alikuwa mlangoni.

Sasa mtu akishakufa kizingiti hakichungwi tena, malaika ameshaondoka na mzigo wake. Kwa hiyo watu waliingia. Wote waliokuwa wakisimama nje siku zile, wakipokezana sala na pole, walivua viatu wakamiminika ndani: majirani, wafuaji wenzake wa zamani, Bibi wa Safu ya Kwanza akishikwa mkono. Akina mama watatu walikaa palepale kwenye nusu tupu ya kitanda na shuka likakunjamana. Huyu alimshika marehemu mkono, yule akamkanda miguu, mwingine akamwegemeza kichwa begani akimlilia jina. Haikuonekana kwamba waliona ajabu yoyote.

"Umemtendea haki dada yako," mama mmoja alimwambia Kinyozi, akimfuta machozi kwa upindo wa nguo. "Binti ametuambia ulivyorudi nyuma. Umechunga kizingiti mpaka mwisho. Tutawasimulia watoto."

Kinyozi alitazama juu ya vichwa vya watu, akamwona Mwalimu pembeni ya dirisha. Mwalimu alitazama sakafu.

"Tulikuwa na ruhusa," Kinyozi alisema. "Siku zote tulikuwa na ruhusa ya kuingia."

Mama yule alimgeukia mwenzake. "Majonzi hayo," wakaafikiana. "Mpisheni akae."

Wakampisha. Akakaa kitandani, mahali palepale, na safari hii hapana aliyepiga ukelele. Akaweka viganja vyote viwili juu ya kichwa cha Dada, kama alivyoshika vichwa vya wageni maisha yake yote, akakigeuza kidogo kuelekea mwangani. Binti alikuwa amefanya kazi nzuri. Nyuma ya sikio tu, upande wa ukutani, palibaki kishungi kidogo cha nywele ambacho mtu akiwa mlangoni hawezi kukiona.